Lisiguse Chini

9 Machi

Mdogo wangu,

Nimeamka nikakuta umeshaondoka, na kitanda umekitandika kama mgeni. Mama angekucheka. Siku zote alikuwa akisema, ukiona huyu ametandika kitanda, ujue kuna kitu amevunja.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimefungua duka, maana watoto wa shule wanataka sare zao na hawajui habari za msiba. Lakini kila nikinyanyua mguu kwenye cherehani, nasikia kama mama anakohoa chumba cha pili. Miwani yake bado iko dirishani. Nikiiondoa pale nitaiweka wapi?

Nina neno moja ambalo sikutaka kulisema mbele ya watu. Siku ya mazishi ulipokuwa ukimmiminia mjomba chai, ulimimina pembeni ya kikombe. Chai ikajaa kwenye sahani, ikamwagika mezani, na wewe ukaendelea kumimina huku unamtazama usoni. Mjomba alidhani unamtania. Ulipogutuka ulicheka, ukasema ni usingizi wa safari. Mimi nashinda na sindano, mdogo wangu. Najua macho yaliyochoka yanavyokuwa. Yale hayakuwa macho ya usingizi.

Na mbona siku hizi hupigi simu? Zamani pambano likiisha ulikuwa unampigia mama kabla hujafungua bandeji mikononi, unamwambia wamekupiga lakini hukuanguka. Naye anakujibu kwamba hakuna aliyekuuliza habari ya kuanguka, yeye anataka kujua kama umekula. Sasa nikikupigia mimi, simu haiiti kabisa.

Rudi nyumbani. Nahitaji mtu wa kupiga pasi na kushona vifungo. Si kazi ya kushangiliwa, lakini shati halijawahi kumpiga mtu.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo nikifua. Kwa hiyo tutaandikiana, na utateseka kidogo, maana mama alisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Ya chai usiyabebe moyoni. Mjomba ndiye alikuwa akisogeza kikombe.

Ninyi wa nyumbani mnaniona kama mtu anayefeli mtihani uleule kila mwaka. Ngoja nikueleze kazi yangu ilivyo. Promota ana vijana anaowalea. Kijana anahitaji ushindi, na ili ashinde lazima awepo wa kushindwa. Ila huyo wa kushindwa akianguka raundi ya kwanza, watazamaji wanapiga miluzi na viti vinaruka. Anatakiwa mtu anayejua kupigwa na bado akasimama mpaka kengele ya mwisho. Mtu huyo ni mimi. Wananiita Nguzo. Mtangazaji akilitaja jina hilo ukumbi unalipuka, na wengine wamekuja tu kuona kama leo nguzo italala. Hailali. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi hakuna mshindani kama mimi nchi nzima.

Nimeshindwa na wapiga kushoto, nimeshindwa na wapiga kulia. Nimeshindwa kwenye mji ambao majaji wote walikuwa wakimwita mpinzani wangu "mwanetu". Nimeshindwa na mzee mwenye mvi kifuani, hiyo ndiyo iliyoniuma. Juzi nilishindwa na kijana ambaye baada ya pambano alinifuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akakaa chini na kulia. Akasema, "Kaka, nisamehe. Muda wote nilikuwa nakuombea uanguke." Nikampa maji yangu.

Lakini mimi siruhusiwi kuanguka, na hii ndiyo siri ya kazi. Bondia akiangushwa akahesabiwa hadi kumi, daktari anamfungia asipigane mpaka apimwe kichwa. Mimi sijawahi kuangushwa, kwa hiyo sijawahi kupimwa kichwa. Niko salama.

Dada, lile taulo jeupe la mama lenye mstari wa bluu, alilokuwa akilitupia begani akiwa jikoni, umelipeleka wapi? Unakumbuka mimi na wewe tukishikana mashati alikuwa haji hata kutuachanisha. Alilirusha tu kutoka alipo, likatua sakafuni katikati yetu, pwaa, limelowa, halafu akasema, "Basi." Na kweli inakuwa basi. Kama hujaligawa, nitumie. Nataka liwe kwenye kona yangu.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Ndani ya kifurushi kuna kaptula mpya. Nimeipima kwa ile ya zamani kisha nikaipunguza kiuno, maana niliuona ule mkanda wako siku ya mazishi, umetoboa tundu jipya kwa msumari. Nimeacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Ukinenepa nitaufumua, na Mungu anisaidie niufumue.

Taulo nalo limo. Sitaficha kwamba nilitaka kubaki nalo. Ndilo nililomfutia mama uso siku zake za mwisho, alipokuwa hawezi tena kuinua mkono wala kutamka neno. Nimelifua mara moja tu, kwa sabuni yake ileile ya mche. Ukilikunjua utasikia harufu yake. Upindo wa pembeni ulikuwa umefumuka, nimeushona.

Naomba jambo moja. Huko ulingoni najua kuna damu na mate na viatu vya watu. Litumie, jifutie jasho, ndiyo kazi yake. Lakini usikubali liguse chini. Hata siku moja. Fanya kama ni yeye umemshika.

Sasa niambie hili. Mteja wangu mmoja wa suti alinionyesha pambano lako kwenye simu yake. Kengele ililia, na wewe ukaenda kukaa kwenye kona ya mwenzako. Ukakaa kabisa, ukafungua mdomo wakutoe kinga ya meno. Ukumbi wote ukacheka. Mteja naye akacheka, akaniambia mdogo wangu ana vituko. Nikacheka pamoja naye, nikajichoma sindano.

Ulikuwa unafanya vituko?

Dada yako


25 Aprili

Dada,

Kifurushi kimefika. Taulo sikulikunjua mbele ya watu. Nilienda nalo chooni nikafunga mlango, nikakaa huko mpaka wakaanza kugonga.

Kocha alikuwa na taulo lake la tangu enzi zake, rangi yake hakuna anayeijua. Nikamwambia hilo limestaafu. Kwenye kona yetu sasa kuna taulo moja tu. Nimemweleza kama ulivyoagiza, hili haliangushwi, halitupwi, sakafu haitalijua. Akasema sawa. Naye alimzika mama yake si zamani, kwa hiyo mambo haya anayaelewa. Raundi zikianza analivaa begani kama mama kabisa. Nikimwangalia nacheka, ni mama mtupu isipokuwa masharubu.

Kuhusu ile kona, ni taa za ule ukumbi. Pembe zote ziliwekwa rangi nyekundu, hata wewe ungepotea. Mtu akishakaa inabidi aonekane amekusudia.

Nitakupigia nikinunua simu nyingine. Ile yangu iliibiwa sokoni, kama nilivyokuambia.

Sasa habari yenyewe. Tarehe sita Juni napigana na Nyundo. Huyu ndiye kipenzi cha promota, wanamwandaa kugombea mkanda. Hakuna aliyefika naye nusu ya raundi zote, wote hulala mapema, na sasa watu wamechoka kuona wanaolala. Wanataka kuona nyundo na nguzo. Picha zetu zimebandikwa mpaka kwenye milango ya maduka. Yangu wameipiga upande mzuri.

Baada ya hapo narudi, na safari hii si maneno. Nimemwambia kocha, nimemwambia promota, na sasa nakuambia wewe. Nikishamaliza raundi zote kumi na Nyundo nimesimama, hakuna kitakachobaki cha kunidai huku. Weka pasi motoni.

Mdogo wako, ambaye kaptula imemkaa vizuri


5 Mei

Kocha,

Shikamoo. Hatufahamiani, ila nakukumbuka kwenye mazishi ya mama yetu. Ulikaa karibu na mlango, kofia mkononi, na watu walipoondoka ulibaki ukatusaidia kurudisha viti vya jirani. Kwa sababu ya vile viti nimepata ujasiri wa kukuandikia.

Mdogo wangu aliniambia simu yake iliingia kwenye ndoo. Mwezi uliofuata akaniambia iliibiwa sokoni, na kwamba aliwahi kuniambia hivyo. Ni kitu kidogo. Lakini huyu ndiye mtoto aliyekuwa akikumbuka rangi ya kila nguo niliyoshona, na nani alivaa, na siku gani. Hajui kudanganya vibaya namna hii. Nimeanza kufikiri kwamba hadanganyi.

Nafikiri pia najua kwa nini hapigi simu. Siku ya mazishi nilisikia ulimi wake. Ulikuwa mzito, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kwenye barua ulimi hausikiki.

Mimi sijui ndondi. Najua kitambaa. Goti la suruali likisuguliwa kila siku pahali palepale, halitoboki kwenye kusuguliwa. Linakaa, unalifua, unalipiga pasi, unasema bado nzima. Siku moja mwenyewe anainama kuokota kitu, ndipo linaachia.

Simwombi aache, nimeshamwomba. Nakuomba wewe. Mama hayupo, mume wangu alitangulia, watoto sikujaliwa. Huyu ndiye niliyebaki naye. Siku hiyo ya tarehe sita, ukiona mambo yameanza kuharibika, usimsikilize yeye. Niahidi kwa maandishi ili nipate usingizi.

Dada wa bondia wako


17 Mei

Dada,

Marahaba. Kalamu si kazi yangu, unisamehe.

Uliyoyaona ni kweli. Anasahau. Wiki iliyopita alifunga bandeji mkono wa kulia, akamaliza, akafunga nyingine juu yake, wa kushoto akauacha mtupu. Vijana wa mazoezini wakadhani utani. Anawachekesha sana, ndiyo maana hawaoni. Nilimketisha nikamwambia tuachane na Nyundo. Akasema, "Kocha, dada ameweka pasi motoni. Niache niende kwake nimemaliza vizuri." Nikashindwa.

Daktari alikuja kumpima. Alimmulika macho kwa tochi akamuuliza leo siku gani, naye akajibu sawasawa. Siku nilikuwa nimemtajia mimi mlangoni. Usiniulize kwa nini nilimtajia. Mdogo wako alinitazama kama mwanangu.

Lakini ahadi yako nakupa. Kwenye ndondi mwenye kona ana sauti kuliko bondia. Taulo likirushwa ulingoni, refa anasimamisha pambano palepale, hata kama mtu bado amesimama na anatukana. Ndiyo sababu linakaa begani kwangu. Nimeshawahi kurusha kwa wengine, wakanichukia wiki mbili kisha wakaniletea watoto wao niwaone. Nikiona yameharibika nitarusha. Lala usingizi.

Kocha


28 Mei

Dada,

Huku mvua. Kaptula imefika leo, asante, umeipunguza kiuno vizuri, ulijuaje?

Kocha ananikimbiza asubuhi. Mitaa ya huku wameigeuza, jana nilipotea wakati wa kurudi nikakaa kwenye ngazi za duka la viatu mpaka akaja kunichukua. Tulicheka sana. Mwenye duka alinipa kiti, akasema Nguzo naye anahitaji kuegemea.

Kuna kitu nilitaka kukuuliza kuhusu pasi. Nitakumbuka.

Mwambie mama asiangalie hili pambano. Nyundo anapiga sana upande wa sikio na yeye hapendi kuona. Mwambie sitaanguka. Mwambie nimekula.

Simu nilimpa mtu.

Mdogo wako


4 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata leo mchana. Nimefunga duka, kuna mteja anagonga na sitamfungulia.

Mama tulimzika. Ulikuwepo. Ulishika koleo wewe mwenyewe na ulikataa kupokewa, mjomba akakufuta udongo kwenye nyusi. Mama hayupo wa kuangalia pambano wala wa kutoliangalia. Niko mimi.

Tangu nilipoisoma nampigia kocha, kwa ile namba aliyoniandikia kwenye bahasha. Simu inaita haipokelewi, nadhani mko safarini. Barua hii nampa kondakta wa basi la jioni, namshonea sare, ameniapia kwamba ataiweka mkononi mwako na si mkononi mwa mtu mwingine.

Usipande ulingoni. Sema unaumwa. Sema dada yako amekufa, nakuruhusu.

Na kama lazima upande, basi nisikilize. Anguka. Raundi ya kwanza, akikugusa tu, anguka. Usingoje konde zuri. Lala chini, refa ahesabu mpaka amalize, waache wapige miluzi, waache wavunje viti. Huku nyumbani hakuna atakayekuuliza ulisimama mpaka raundi ya ngapi. Nitakuuliza umekula.

Anguka, mdogo wangu. Nakuomba.

Dada yako


19 Juni

Dada,

Nimeandika hii mara nyingi nikaichana. Mjomba wenu ameshakueleza kwamba mdogo wako yu hai, nami nashukuru alikuja, kwa sababu mimi nisingeweza kuitamka kwenye simu. Lakini yeye hakuwepo ukumbini. Unastahili kuisikia kutoka kwangu.

Kwanza barua yako. Kondakta aliifikisha, usimlaumu. Mdogo wako aliipokea tukiwa tunatoka kwenda ukumbini. Aliutazama mwandiko, akaibusu, akaiweka kwenye mfuko wa koti. Nikamwambia asome. Akasema ataisoma baada ya pambano, ili awe na kitu kizuri kinachomsubiri. Niliikuta humohumo, haijafunguliwa. Nimeifungua mimi hospitalini nikamsomea. Sijui kama alisikia.

Raundi za mwanzo alikuwa vizuri kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Alimkosesha Nyundo mpaka watu wakaanza kumcheka Nyundo. Raundi ya nne akaanza kupigwa upande wa sikio. Ya tano ilipoisha alirudi kwenye kona, kona yetu, akaniuliza tumeshinda? Nikamwambia bado. Akasema, "Basi tumalize, nina safari."

Raundi ya sita nililitoa taulo begani. Dada, nilikuwa nimelishika mkononi. Alikuwa kwenye kamba upande wetu, Nyundo anampiga, na kwa namna nisiyoijua akauona mkono wangu. Katikati ya makonde yale akanitazama mimi. Akatikisa kichwa, akasema kupitia kinga ya meno, "Lisiguse chini."

Alikuwa ameniambia mara nyingi, kila tukifunga bandeji, kwamba huo ni wasia wa mama yenu. Kwamba alipokuwa anakata roho ndilo neno la mwisho alilosema, taulo hili lisiguse chini. Mimi mama yangu alikufa nikiwa kwenye ukumbi wa ndondi mji mwingine, hakuniachia neno lolote. Nikaliangalia lile taulo. Nikaliona lilivyo jeupe, na sakafu ya ulingo ilivyokuwa. Nikalirudisha begani.

Nilikuwa na miguu, ningeweza kupanda mwenyewe. Nilikuwa na sauti, ningeweza kumwita refa. Taulo langu kuukuu lilikuwa ndani ya begi chini ya kiti. Yote hayo nimeyawaza baadaye. Pale nilimwaza mama yenu tu.

Raundi ya saba alimaliza akiwa amesimama. Kengele ikalia, akarudi kwenye kona yetu bila kukosea, akaketi kwenye stuli. Nikamfuta uso. Kengele ya nane ilipolia hakuinuka. Refa alikuja akamwita, hakuitika. Macho yalikuwa wazi. Watu walipiga makelele wakidhani ni kituko. Hakuanguka, dada. Mpaka wanamwinua na stuli yake, hakuwa ameanguka.

Madaktari wamempasua kichwa kuondoa damu. Anafumbua macho. Mkono wa kushoto anauchezesha. Hasemi.

Taulo ninalo. Ni safi. Silali kwa sababu ya usafi wake. Ahadi niliyokupa niliivunja kwa ajili ya wasia wa marehemu, na sijui kama mama yenu angenisamehe au angenishukuru. Wewe uliyekuwa naye alipokuwa anaondoka, naomba uniambie.

Kocha


30 Septemba

Kocha,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, na si kwa sababu ya hasira.

Mdogo wangu yuko nyumbani, mjomba alimleta wiki ya pili ya Agosti. Taulo ulilolifunga kwenye gazeti nalo lilifika. Anatembea kwa kushika ukuta. Anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na anakula vizuri, ningekuwa na wa kumwambia ningemwambia. Ile kaptula nimeufumua mshono wake, kama nilivyoomba kwa Mungu. Nilikuwa sijamweleza vizuri.

Hasemi. Watu wa mtaani wanapita dukani wanamsalimia kwa sauti kubwa, Nguzo, vipi Nguzo. Hageuki. Nikimwita kwa lile jina alilokuwa akiitwa na mama, la mziwanda, anageuka na kutazama mlango wa jikoni.

Uliniuliza kuhusu mama. Mama hakuacha wasia, kocha. Siku zake za mwisho hakuweza kutamka hata neno maji. Lile neno niliandika mimi, mwezi wa nne, nilipokuwa nafunga kifurushi. Taulo lilikuwa linanukia sabuni yake na nikaona uchungu kuliachia. Ndiyo yote. Kichwani mwa mdogo wangu neno langu likawa la mama, kama ndoo ilivyokuwa soko.

Uliponiandikia kwamba taulo likirushwa refa anasimamisha, niliisoma barua yako nikafurahi, nikalala kama ulivyoniambia. Sikuwaza ni taulo gani. Na barua yake, aliyosema kwamba kwenye kona yenu sasa kuna taulo moja tu na kwamba halitupwi, nilikuwa nimeiweka kwenye droo hiyohiyo. Zilikuwa zimelaliana.

Na ngoja nikwambie mama alivyokuwa. Lile taulo alilirusha maisha yake yote. Tukipigana, mimi na huyu, hakuwahi kuinuka. Alilirusha kutoka begani likatua sakafuni katikati yetu, kwenye majivu, kwenye maji ya vyombo, popote. Kisha analiokota analifua. Lilikuwa taulo. Angekuwa yeye kwenye kona yako, angelirusha kabla hujawahi kuliwaza. Mdogo wangu alilijua hilo, aliniandikia mwenyewe. Ndiyo maana alilitaka liwe kwenye kona yake. Mimi nikamwambia vingine, akaniamini.

Kwa hiyo mama hana la kukusamehe. Njoo umwone. Usilete kitu, na usiniombe radhi mlangoni, sitajua niishike kwa mkono gani. Njoo tu ukae naye. Nafikiri atapenda masharubu yako.

Ukija usishtuke kwa jambo moja. Anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu. Kazi yetu unaijua, mkasi ukipita vipande vinaanguka. Kila kinachoanguka anakiokota. Anainama kwa shida, ananyoosha ule mkono mzima, mara nyingine anakidaka hata hakijafika. Anakikunja vizuri anakiweka mapajani. Vipande vya sare, vipande vya bitana, mpaka nyuzi. Mchana ukiisha mapaja yamejaa, naye amechoka, jasho linamtoka usoni. Nimemwambia aache. Nimejaribu kutandika shuka chini ya mashine, analikunja shuka.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nililichukua lile taulo nikalilowesha, nikasimama pale jikoni mama alipokuwa akisimama, nikalirusha. Likatua katikati ya chumba, pwaa, kama zamani. Nikasema, "Basi."

Aliliangalia. Nikaona mdomo wake unataka kucheka, nami nikangoja.

Kisha akainuka akishika ukuta, vile vipande vyote vikamwagika. Akalifikia, akainama, akaliokota. Akalipangusa vumbi kwa kiganja, akalikunja, akanirudishia mkononi. Akarudi kwenye kigoda chake, akaanza kuokota vipande upya.

Dada yake